Springi za Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa Kwaya hakuwahi kuniita kwa jina langu. Miaka yote niliyoimba mbele yake kule Lulindi aliniita Alto, na hata nilipoolewa na kuzaa, kijiji kizima kikaanza kuniita Mama Tumaini, yeye alibaki na Alto wake. Wala hakuwa akinidharau. Kila mtu alimwita kwa sauti yake. Mwenye duka alikuwa Besi, mkewe alikuwa Soprano, na padri wetu, mtu mzima anayeheshimika tarafa nzima, alikuwa Tena, tena Tena asiyefanya mazoezi. Hata Waislamu wa mtaa wa pili, ambao hawakuwa na shida yoyote na kwaya yetu, aliwagawia sauti zao na wakazikubali. Muuza ndizi mmoja alikuwa akimjibu toka mbali, "Naam, Besi nipo!"

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na sauti. Alipotaka kutuonyesha wimbo alikohoa mara mbili, akafungua mdomo, kikatoka kitu kama mlio wa mlango wa ghala. Tulijifunza kumtazama vidole na kutosikiliza anachoimba. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mgeni, nimepangiwa Lulindi na moyo wangu uko Masasi mjini, na siku ya kwanza nilipomsikia nilicheka hadharani. Alinigeukia taratibu.

"Wewe ni Mmakua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilijua. Mtani wangu ndiye pekee anayeweza kunicheka bila kuomba ruhusa. Simama pale kwa alto."

Ndivyo nilivyoingia kwaya. Sikuombwa, sikujaribiwa, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na sauti au nilipewa utani tu.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni sifa za bure. Tukiimba, sauti ikashuka, akatuuliza, "Imekwendaje?" halafu mtu akajibu kwa adabu, "Nzuri, Mwalimu," alivua kofia yake akaiweka mezani. Hiyo ilikuwa dalili mbaya. "Kumsifia mtu sauti iliyoshuka ni kumwibia," alisema. "Umemnyima nafasi ya kuipandisha. Alto, imekwendaje?" Mimi, kwa kuwa mtani nina leseni, nilimwambia kweli: wanaume wamelala, soprano wanapiga kelele, na yeye mwenyewe kachelewa kuingia. Hapo alifurahi, akarudisha kofia kichwani, tukaanza upya.

Na kuchelewa kwenyewe! Mtu aliyetufundisha mapigo manne kwa manne, ambaye ukikosea nusu pigo anakuangalia kama umempiga mamaye, hakuwahi kufika mazoezini kwa wakati. Saa kumi kwake ilikuwa saa kumi na moja. Tulikaa kwenye mabenchi nje ya kanisa tukimsubiri, na hatukuhitaji mtu wa kutuambia anakuja, kwa sababu pikipiki yake ilimtangulia. Barabara ya kuingia misheni ilikuwa na mashimo matatu, na kila shimo pikipiki ilitoa mlio mmoja wa chuma kwa chuma: ngo! Ngo la kwanza tulizima mazungumzo. Ngo la pili tulisimama. La tatu tulikuwa tumekwisha jipanga kwa sauti nne.

Ile pikipiki aliipata miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Mradi mmoja wa mikorosho ulifungwa, vitu vyake vikauzwa, na yeye akaambulia pikipiki nyekundu iliyokuwa imembeba bwana shamba mnene kwa miaka isiyojulikana. Injini ilikuwa nzima. Shokapu ndizo zilikuwa zimekufa. Mbele springi zimechoka, sili, zile pete za kuzuia mafuta, zinavuja, mafuta yanatiririka mpaka kwenye rimu. Nyuma, ukikaa, unashuka moja kwa moja mpaka unapofika mwisho, na mwisho wenyewe unauhisi kwenye meno. Ilikuwa ile miaka ambayo maduka ya Masasi yalijaa ghafla. Zamani tulikuwa na hela na bidhaa hakuna. Sasa bidhaa zilining'inia mpaka mlangoni, shokapu mpya kabisa ndani ya mifuko ya plastiki, na sisi tunazitazama kama watoto wanaotazama kitumbua cha mwenzao. Jozi ya nyuma ilikuwa bei ya mbuzi wawili wazuri. Mwalimu wa Kwaya hakuwa hata na mbuzi mmoja mbaya.

Angeweza kuvumilia, kama wengine walivyovumilia. Meno ni yake. Tatizo lilikuwa kinanda.

Misheni ilikuwa na kinanda cha zamani cha kukanyaga kwa miguu, kile kinachokunjwa kikawa kama sanduku lenye mishikio. Ndani kina ndimi nyembamba za shaba, kila sauti na ulimi wake, na upepo ukipita ulimi unatetemeka na sauti inatoka. Hakuna duka lolote, liwe la Masasi au la Dar es Salaam, lililokuwa likiuza ndimi hizo. Na Mwalimu wa Kwaya alikuwa na imani moja ambayo haikuandikwa katika katekisimu yoyote: kwamba kila kanisa, hata lile la udongo lenye waumini kumi na mbwa wawili, lina haki ya kuimba na kinanda walau mara moja kwa mwaka. "Mungu ni mmoja," alisema. "Hawezi kusikia kinanda Lulindi, halafu akifika Mkunya asikie watu wanakohoa tu." Basi alikifunga kinanda nyuma ya pikipiki kwa mipira, akakizungusha Chiwata, akakipandisha mpaka Newala na vijiji vyake, na kila safari kilirudi na jeraha. Mara kanyagio limetoka, mara ubao umepasuka. Halafu siku moja kule Chiwata, katikati ya wimbo wa komunyo, sauti ya la, ile ya sita kutoka do, ikanyamaza. Ulimi wa la ulikuwa umekatika shinani.

Aliporudi, padri alimwita ofisini, na mimi nilikuwapo kwa sababu nilikuwa katibu wa kwaya. Padri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekabidhiwa mali ya watu waliokwisha kufa.

"Mwalimu, hiki kinanda hakina ndugu," alisema. "Kikifa kimekufa. Nakupa safari moja tu, ya Mkunya, kwa sababu tumeshawaahidi. Kikirudi na ulimi mwingine umekatika, nakifungia stoo na ufunguo nauweka mimi. Vijiji vitaimba kwa vinywa vyao."

Mwalimu wa Kwaya alivua kofia, akaishika mkononi. "Na kikifika salama?"

"Kikifika salama, zunguka nacho mpaka uchoke."

Watu wa Mkunya walikuwa wamejenga kanisa. Msimu ule wanunuzi binafsi walikuja na malori, wakalipa korosho taslimu, na badala ya kuoa mke wa pili au kununua redio, wanaume wa Mkunya walichanga wakaezeka bati. Walitaka kanisa libarikiwe kwa kinanda. Tulikuwa na wiki sita.

Siku iliyofuata niliona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Nilipita nyumbani kwake kupeleka daftari la nyimbo, nikakuta kwenye kamba ya kuanikia nguo, katikati ya khanga za mkewe, kumening'inia springi. Springi kama ishirini, nene na nyembamba, zenye kutu na zilizosuguliwa, kila moja imefungwa kwa uzi. Mwalimu wa Kwaya alikuwa anapita katikati yake na kijiko cha chai, anagonga moja, anainamisha kichwa, anasikiliza, anagonga ya pili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nyamaza kwanza." Akagonga. "Hii ni fa. Natafuta fa mwenzake."

Alikuwa amekwenda Masasi, kwenye gereji moja iliyokuwa na lundo la pikipiki mbovu nyuma ya ukuta, akamwomba fundi ampe vyuma chakavu kwa kilo. Fundi alidhani anakwenda kufua majembe. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na nilipoielewa niliona aibu kwa kuwa nilikuwa nimeanza kucheka. Springi mbili za mbele zinafanya kazi pamoja. Moja ikiwa imechoka kuliko mwenzake, pikipiki inakwenda kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Fundi mwenye vipimo angezipima kwa mashine. Yeye hakuwa na mashine, alikuwa na masikio. Springi mbili za waya mmoja, urefu mmoja na uchovu mmoja zikigongwa zinatoa sauti moja. "Ni kama soprano wawili," aliniambia. "Sitaki mwenye nguvu na mwenye mafua. Nataka wawili wanaopumua pamoja."

Fa mwenzake alimpata siku ya tatu, kwenye safari ya pili ya Masasi. Alimgonga pale pale gereji, akamkumbatia fundi.

Kuhusu ubahili wake kuna mengi ya kusema. Alikuwa na koti moja la kaunda suti, na kalamu yake ya risasi aliitumia mpaka ikawa ndogo kuliko kidole, akaichomeka kwenye kipande cha mwanzi ili aendelee. Lakini mtoto wa besi wetu mmoja alipokosa sare za shule, sare zilionekana, na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi ila mkewe, aliyekuwa ameuza kuku na hajaziona hela. Ubahili wake ulikuwa wa vitu. Kwa watu alikuwa mfujaji. Basi katika shokapu zile ubahili ulipata pa kuchezea. Bushi za nyuma, zile pete za mpira zinazoshika shokapu kwenye fremu, alizichonga kwa kisu kutoka kwenye soli ya katambuga zake za tairi. Sili za mbele hakununua. Aliomba kipande cha negativu kwa mpiga picha wa Masasi, akakipenyeza kwenye mdomo wa sili, akakizungusha na kutoa mchanga wote uliokuwa umejibana. Uvujaji ukakoma. Alinionyesha ile negativu juani: bwana harusi mwenye meno meusi na suti nyeupe. "Ndoa hii imezaa matunda," alisema.

Na ili springi zisimame juu kidogo, zisilale, zilihitaji kubanwa kwa juu, ndani ya bomba. Mafundi wa mjini huweka vipande vya chuma vilivyochongwa. Yeye alifungua kopo la Blue Band alimokuwa ametunza shilingi moja moja za zamani, zile za mwenge, ambazo kwa wakati ule zilikuwa hazinunui hata pipi. Akazipiga tupa pembezoni mpaka zikaenea kwenye bomba, akaziweka tatu kulia, tatu kushoto. "Zimekataa kununua sukari," alisema, "zitabeba kinanda."

Sasa nije kwenye mafuta. Hapa nitamtania mpaka siku ya mwisho.

Ndani ya shokapu za mbele kunatakiwa mafuta, siyo mepesi kama maji, siyo mazito kama grisi. Ndiyo yanayoituliza springi isiruke ruke baada ya shimo. Mafuta yenyewe yaliuzwa Masasi katika chupa nzuri. Mwalimu wa Kwaya aliitazama chupa, akatazama bei, akarudi nyumbani, akatazama lundo la maganda ya korosho nyuma ya jiko la mkewe.

Mtu yeyote aliyekulia kwetu anayajua mafuta ya maganda ya korosho. Tangu utotoni tumebabuliwa midomo nayo. Lakini pia tunajua kwamba ukipaka nguzo ya nyumba, mchwa haisogelei, na mafuta yale hayakauki upesi, ni mazito, ni meusi, yanateleza. Mtu wa Dar asingelifikiria jambo hili hata kidogo. Sisi tuna korosho nyingi mno, tunadhani zinaweza kila kitu. Akayakaanga maganda, akakamua, akachuja kwa kitambaa, akajaza shokapu zake, akapanda.

Siku ile ya kwanza ilikuwa ya ushindi. Alipita mbele ya shule mara nne. Hakuna ngo hata moja. Darasa la tatu lote lilitoka nje kumpigia makofi, na mimi pamoja nao, siwezi kukana.

Siku ya tatu, baada ya jua kali, mafuta yaliganda yakawa gundi. Pikipiki ilisimama juu kama mbuzi aliyekakamaa, haishuki wala haipandi, na kila kijiwe kilimfikia begani bila kupungua. Alizifungua shokapu kwa mikono mitupu. Jumapili akaja kanisani vidole vyote kumi vimefungwa matambaa meupe, ngozi imechubuka kama kiazi kilichomenywa. Tulikuwa tumezoea kusoma vidole vile. Sasa tuliona viboga viwili vinapaa na kushuka. Amina ya mwisho alto tulinyamaza, soprano wakanyamaza, na besi wakaendelea peke yao, wakaendelea, mpaka padri akageuka kutoka altareni. Mwalimu wa Kwaya alicheka mbele ya msalaba mpaka machozi yakamtoka, na kwa kuwa hakuweza kuyafuta, mkewe alitoka kwenye benchi akaja kumfuta kwa ncha ya khanga.

"Imekwendaje, Alto?" aliniuliza nje.

"Mbaya sana, Mwalimu."

"Hata mimi nimeona."

Aliosha mabomba kwa mafuta ya taa siku mbili nzima. Kisha dereva mmoja wa lori la korosho akampa bure mafuta kidogo ya haidroliki yaliyobaki kwenye kopo, mepesi, mekundu, nayo yakawa ndiyo. Aliyapima kwa chupa ya dawa ya kikohozi, sawa kulia na kushoto, akifumba jicho moja kama mganga.

Jaribio la mwisho lilitaka mzigo. Hakutaka kujaribu kwa kinanda chenyewe, na magunia yalikuwa mazito mno, hivyo aliamua mzigo uwe mimi. Nilipanda nyuma kwa upande, miguu pamoja, kama ilivyompasa mwalimu wa kike. Ndipo mkewe akatoka jikoni na bakuli la bati limejaa maji mpaka ukingoni, akanikabidhi mapajani. Mama yule alizaliwa upande wa Newala, juu kabisa, ambako enzi zao ndoo ya maji ilikuwa safari ya asubuhi nzima kushuka bondeni na kupanda. Kwake maji hayakuwa mchezo.

"Nendeni mpaka kwenye daraja na kurudi," alisema. "Nikikuta yamemwagika, ninyi wawili mtakwenda kisimani. Na mtabeba kichwani."

Tulikwenda. Kwenye shimo la pili nililowa mpaka viatuni. Hatukuthubutu kudanganya. Jioni ile Lulindi nzima ilimwona mwalimu wa darasa la tatu na Mwalimu wa Kwaya wakipanda kutoka kisimani na ndoo vichwani, yeye ya kwake inamwagika kila hatua, na mkewe amesimama mlangoni na kuhesabu matone. Muuza ndizi alimpigia kelele mwenye duka, "Besi, angalia, kwaya imehamia majini!" Nyumbani Mwalimu wa Kwaya aliongeza shilingi moja kila upande. Kesho yake tukajaribu tena, tukamwaga nusu. Akaongeza nyingine, pikipiki ikawa ngumu, tukamwaga zaidi. Akaitoa. Akapunguza mafuta kidogo kidogo kwa kijiko. Tulikwenda kisimani mara tano. Mara ya sita tuliporudi kutoka darajani, mkewe alichukua bakuli mapajani mwangu, akalitazama, akalitazama tena, akalibeba ndani. Baadaye kidogo alitutolea chai, na Mwalimu wa Kwaya akaninong'oneza, "Huyo ndiye askofu wangu. Ametubariki."

Asubuhi ya Mkunya kwaya ilipanda lori la mnunuzi wa korosho. Padri alishauri kinanda kipande lori pia, kikae juu ya magunia. "Lori halina adabu," alijibu Mwalimu wa Kwaya, akakifunga nyuma ya pikipiki yake kwa mipira na khanga mbili za mkewe. Padri akakaa mbele ya lori kando ya dereva, kinanda kikatutangulia, na sisi tukakifuata kwa macho safari yote.

Barabara ya kupanda mlima ilikuwa imechimbwa na mvua. Tulikuwa tukiimba tulipoanza kupanda, halafu mmoja mmoja tukaacha. Kwenye kona moja kulikuwa na mfereji uliokata njia upande hadi upande, na hakukuwa na pa kuukwepa. Nilimwona akipunguza mwendo, akanyanyuka kidogo kwenye kiti. Gurudumu la mbele likazama. Shokapu za mbele zikajikunja mpaka nikadhani zimefika mwisho, na watu thelathini ndani ya lori tukashika pumzi tukisubiri lile ngo.

Halikuja. Mbele ikanyanyuka taratibu, nyuma ikashuka na kupanda mara moja tu, kama mama anayempokea mtoto begani, na pikipiki ikaendelea kupanda. Soprano mmoja alipiga kigelegele, na lori zima likaripuka. Nilikuwa nalia. Nasema wazi, nililia kwa ajili ya shokapu.

Mkunya walitupokea kwa ngoma. Lakini Mwalimu wa Kwaya hakusalimiana na mtu. Alikifungua kinanda mbele ya altare mpya iliyonuka saruji, akaketi, padri akasimama nyuma yake na mikono yake mgongoni. Ulimi mpya wa la ulikuwa umetengenezwa na Mwalimu wa Kwaya mwenyewe, kwa kipande cha shaba alichokikwangua kwa tupa ile ile ya kupigia shilingi, na ndio tulioutilia shaka kuliko zote. Hakuanza na do kama kawaida. Akakanyaga, akabonyeza la, akaiacha ilie.

Ililia. Akazipitia zote moja moja, juu mpaka chini, watu wa Mkunya wakidhani ndio wimbo wenyewe na wakiupokea kwa unyenyekevu mkubwa. Zote zilikuwapo. Padri alimshika bega. "Zunguka nacho, Mwalimu," alisema, na siku ile aliimba sauti yake ya tena vizuri kuliko wakati wowote.

Alizunguka nacho miaka mingi. Mimi nilihamishwa, nikarudi Masasi, nikafundisha mpaka nikastaafu, na kwa kiinua mgongo nikanunua pikipiki, jambo ambalo watoto wangu hawajanisamehe. Lulindi ilipata kinanda cha umeme. Cha kukanyaga kikaachwa Mkunya kiwe chao kabisa.

Mwaka juzi nilisikia kwamba Mwalimu wa Kwaya na mkewe wamehamia Newala, kwa binti yao. Nikapanda pikipiki yangu nikaenda. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba, amepungua, kofia ile ile imemshuka mpaka nyusi. Nilimwamkia kwa sauti, akanitazama mdomo. Masikio yalikuwa yamekwisha.

"Marahaba, Alto!" alisema, kwa sauti ile ile ya mlango wa ghala. Kisha akainuka akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki yangu. Hakugonga kitu. Aliweka kiganja kwenye kiti, akakandamiza, akaachia, akasikiliza kwa mkono. Akatikisa kichwa. "Nyuma imechoka. Inapanda mara mbili."

Niliandika kwenye karatasi kwamba nimekuja kumpeleka Mkunya akaone kinanda chake. Alisoma, akavaa koti. "Sasa mimi ndiye mzigo," alisema, akapanda nyuma. Mkewe, aliyekuwa ameketi mlangoni, aliingia ndani polepole kwa miguu yake mibovu, akatoka na bakuli la bati limejaa maji, akampa mapajani. Siku hizi bomba la maji lilikuwapo pale pale uani.

"Yakimwagika mnajua," aliniambia.

Sijawahi kuendesha taratibu namna ile. Tulipofika Mkunya suruali yake ilikuwa imelowa magotini na maji yamebaki robo. Alilitazama bakuli, akanywa yaliyobaki, akaingia kanisani.

Vijana wa kwaya ya pale walimzunguka kwa heshima. Walimwonyesha kinanda, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kimepakwa vanishi. Aliketi, akakanyaga, akaweka kiganja cha kushoto juu ya ubao, na kidole cha kulia akabonyeza la. Sauti ikajaa kanisa. Kiongozi wao, kijana mpole, akamwinamia na kumwinulia dole gumba. Wenzake wote wakainua madole gumba. Mwalimu wa Kwaya akatabasamu, akawashukuru, akavua kofia yake akaiweka juu ya kinanda.

Halafu akanigeukia mimi.

"Alto. Imekwendaje?"

Nilimtazama yule mzee, na Mungu anajua nilitamani sana kuinua dole gumba. Nikalishika bega lake, nikasogeza uso karibu ili auone mdomo wangu vizuri.

"Ipo, Mwalimu. Lakini imeshuka."

Alicheka, akacheka mpaka kiti kikatikisika. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa tupa yake ndogo imefungwa kwa kitambaa, akarudisha kofia kichwani.

"Nilikuwa nakusubiri wewe tu," alisema. "Fungua kifuniko."